Sikio la Ndama Husikia Dawa Likiwahiwa

Wahenga walisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hii tunaitumia kwa mtu asiyeonyeka. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya sikio lenyewe hasa, sikio la ndama wa maziwa. Sikio hilo nalo linaugua. Likiachwa, dawa haitalisaidia. Likiwahiwa, linapona.

Tumeandika somo hili kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Tutalieleza bila kuficha, ili wenzetu wajifunze.

JAMBO LILILOTUPATA

Darasa letu la jioni liko upande wa Rhotia, wilayani Karatu. Wanadarasa wengi ni akina mama. Pamoja na kusoma na kuandika, tuna kikundi cha ng'ombe wa maziwa. Tulianza na mitamba miwili. Utaratibu wetu ni huu: ndama jike wa kwanza anapewa mwanakikundi ambaye hana ng'ombe, naye atakuja kumpa mwingine. Zamu ilikuwa ya mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Banda alikwisha kujenga. Majani ya tembo alikwisha kupanda.

Ndama alipofika wiki ya tano, sikio lake la kushoto lililegea. Tukasema, labda amepigwa pembe, litarudi lenyewe. Siku ya tatu kichwa kikainama upande ule ule. Mzee mmoja jirani akatuambia, "Wanangu, mmiminieni mafuta ya vuguvugu humo sikioni." Nasi tukamimina. Siku ya tano tukanunua dawa dukani, tukamwomba kijana mmoja apige sindano. Kesho yake ndama alinyonya vizuri, masikio yakachangamka kidogo. Basi tukafurahi, tukaacha. Dawa iliyobaki tukaiweka dirishani.

Baada ya siku sita ndama alianza kuanguka. Macho yalikuwa yakicheza huku na huku. Siku ya pili yake akafa.

Bwana Mifugo alipofika alipasua mfupa ulio nyuma ya sikio mbele yetu. Ndani mlikuwa na usaha mzito, mweupe kama maziwa yaliyoganda. Mafuta yetu hayakuwa yamefika humo hata tone. Kisha akachukua boksi la dawa pale dirishani. Akatoa karatasi ya maelezo, ikiwa bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani. Akauliza, "Nani ameisoma hii?" Tukanyamaza. Sisi tunafundisha watu kusoma, na karatasi ile hatukuisoma.

Yule mama hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Banda langu nitaweka kuni." Maneno hayo yalituuma sana.

SIKIO LIMEJENGWAJE?

Sikio la ndama lina vyumba vitatu, kama la mtu. Chumba cha kwanza ni sikio la nje. Hili ndilo tunaloliona, pamoja na tundu lake. Mwisho wa tundu pana ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya ngozi hiyo ndipo penye chumba cha pili, yaani sikio la kati. Chumba cha tatu ni sikio la ndani. Hili humsaidia mnyama kusikia na kusimama bila kupepesuka. Baada ya hapo si mbali na ubongo.

Sasa tuangalie jambo kubwa. Sikio la kati lina mlango mwingine. Upo mrija mdogo unaotoka kooni hadi ndani ya sikio la kati. Ugonjwa huu mara nyingi hupita kwenye mrija huo. Unatoka kooni, hautoki nje. Ndiyo maana mafuta yetu hayakufaa kitu. Tulikuwa tunabisha hodi mlango wa mbele, na mgonjwa yuko chumba cha nyuma, mlango umefungwa.

Jambo hili tunalijua hata kwa watoto wetu. Mtoto anaumwa mafua wiki nzima, kisha sikio linaanza kuuma, halafu linatoa usaha. Kwa ndama ni vivyo hivyo.

UGONJWA UNAINGIAJE?

Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vya namna mbalimbali. Kimoja kilicho maarufu kwa ndama wa maziwa kinaitwa mikoplasma. Wengi wanaougua ni ndama wadogo, tangu wiki ya pili hivi hadi wanapokaribia kuachishwa maziwa. Njia kubwa ni hizi:

1. Mafua na homa ya mapafu. Ndama anakohoa, anatoa makamasi, vijidudu vinapanda kwenye mrija hadi sikioni. Huku kwetu miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi. Ukungu unashuka kutoka kreta ya Ngorongoro, na banda lenye sakafu ya majimaji linakuwa baridi usiku kucha. Wengine kwa kuogopa baridi huziba banda lote, au hulaza ndama ndani ya nyumba penye moshi. Hewa nzito ya mkojo na moshi huumiza mapafu ya ndama.

2. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Wengi tunasema, "Maziwa haya hayauziki, basi tumpe ndama." Hapo tunampa ndama vijidudu vinywani. Mikoplasma hukaa katika kiwele na kutoka na maziwa.

3. Ndoo na chuchu chafu za kunyweshea. Ndama mmoja akiugua na wote wakatumia ndoo moja, wote wamekwisha kuambukizwa.

Sikio la nje nalo linaweza kuanzisha ugonjwa. Kupe wakijaa sikioni wanaacha vidonda. Hereni ya utambuzi ikivishwa kwa chombo kichafu, jeraha linaoza. Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 inataka mifugo itambuliwe, na hilo ni jambo jema. Lakini chombo kisafishwe kwa dawa kabla ya kila ndama, na jeraha litazamwe kila siku mpaka lipone.

DALILI ZAKE

Mfugaji mzuri humtazama ndama wake asubuhi na jioni, wakati wa kunyonya. Dalili huja kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza: Sikio moja linalegea, au yote mawili. Ndama anatikisa kichwa au anajikuna sikio. Ana homa. Joto la kawaida la ndama ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Likizidi hapo na sikio limelegea, usingoje kesho.

Ngazi ya pili: Kichwa kinainama upande wa sikio bovu. Kope ya upande huo inashuka, jicho halifungi vizuri, linatoa machozi. Maziwa yanadondoka mdomoni akinywa. Kwa nini? Kwa sababu mshipa wa fahamu wa uso unapita karibu sana na sikio la kati, nao umeumizwa. Wakati mwingine ngozi ya ndani ya sikio inapasuka na usaha unatoka nje.

Ngazi ya tatu: Ndama anapepesuka, anazunguka upande mmoja, anaanguka. Macho yanacheza. Hapa ugonjwa umeingia sikio la ndani. Akianza kukakamaa na kukataa kabisa kunyonya, huenda umefika kwenye ubongo.

Ndama wa ngazi ya kwanza wengi hupona. Wa ngazi ya tatu kupona ni shida. Ndama wetu tulimtibu akiwa ameshafika ya pili, na sindano moja tu.

TUSICHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Si kila ndama mwenye sikio bovu ana ugonjwa huu. Hapa Karatu na Ngorongoro tuangalie haya:

Ndigana kali. Wamasai huuita oltikana. Huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Ndama ana homa kali, amenyong'onyea, na masikio yanaweza kulala. Lakini papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta matezi yamevimba, fikiria ndigana kwanza. Dawa yake ni nyingine kabisa, na siku moja ya kuchelewa ni kubwa. Chanjo yake ipo, na wafugaji wengi wa Ngorongoro wameitumia.

Ormilo. Hili ni jina la Kimasai la ugonjwa wa ng'ombe kuzunguka. Hutokana na vijidudu vya jamii ya ndigana vinavyoziba mishipa midogo ya damu katika ubongo. Ng'ombe wakubwa ndio wanaopatwa zaidi, na kwa kawaida sikioni hakuna usaha. Kwa hiyo ndama mdogo akizunguka, tusikimbilie kusema ni ormilo. Tutazame sikio.

Minyoo ya masikio. Sikio linatoa uchafu wenye harufu mbaya sana, na ukiutazama vizuri unaona vijinyoo vyembamba vinacheza. Mtaalamu mmoja wa Ulaya alieleza mnyoo huyu mwaka 1964 baada ya kumpata katika masikio ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Huwapata zaidi ng'ombe wakubwa wa kienyeji. Dawa yake ni ya minyoo. Viuavijasumu peke yake havimtoi.

TIBA

Ugonjwa wa sikio la kati hutibiwa kwa viuavijasumu, yaani antibayotiki, za sindano. Dawa hupita kwenye damu na kufika pale ambapo mafuta na majani hayafiki. Tushike mambo matano.

Kwanza, wahi. Mwite Bwana Mifugo wa kata siku ile ile uliyoona sikio limelegea. Ukikosa usafiri, piga simu, mweleze umri wa ndama, joto lake, na hali ya sikio.

Pili, dawa iwe inayofaa. Wengi wetu tunajua penisilini tu. Penisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wao wa nje. Mikoplasma haina ukuta huo. Sasa penisilini itabomoa nini? Kwa hiyo Bwana Mifugo huchagua dawa nyingine, kama vile oksitetrasaiklini au tailosini. Akiona haifanyi kazi, hubadilisha. Kuchagua ni kazi yake. Kazi yetu ni kumweleza kweli, pamoja na dawa tulizokwisha kutumia.

Tatu, maliza dawa. Usaha wa sikio la kati umefungiwa ndani ya mfupa, na dawa hupenya humo polepole. Mara nyingi tiba hudumu wiki moja au zaidi. Ndama akichangamka siku ya pili si kwamba amepona. Vijidudu dhaifu vimekufa, vyenye nguvu vimebaki. Ukiacha hapo vitarudi, na safari hii dawa ile ile vitaizoea. Hiyo ndiyo tunaita usugu wa dawa.

Nne, mwombe Bwana Mifugo dawa ya kupunguza maumivu na homa. Sikio linauma sana. Ndama mwenye maumivu hanyonyi, na asiyenyonya hapati nguvu ya kupona.

Tano, usitie kitu sikioni kwa kukisia. Usimimine mafuta ya moto, oili chafu ya gari, wala dawa ya kuogeshea. Usichokonoe kwa kijiti. Ngozi ya ndani ikiwa imepasuka, vitu hivyo vitaingia moja kwa moja sikio la kati na kuongeza madhara. Usaha ukitoka, futa nje tu kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Osha mikono kabla na baada.

KUMUUGUZA NDAMA

Mtenge ndama mgonjwa mahali pakavu, penye majani makavu ya kulalia. Mnyweshe wa mwisho, na ndoo yake iwe yake peke yake. Kama anadondosha maziwa, mpe kidogo kidogo kwa chupa yenye chuchu, kichwa kikiwa kama anavyonyonya mama yake. Usimlazimishe kwa kumminia kooni. Maziwa yakiingia mapafuni yatamuua kabla ya sikio. Jicho lisilofunga lisafishwe kwa maji safi, na ndama akae mbali na vumbi na jua kali.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya sikio huanzia siku ya kuzaliwa.

Ndama apate maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, mapema iwezekanavyo ndani ya saa 6 za mwanzo. Kiasi chake ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 30 apate lita 3. Maziwa hayo ndiyo chanjo yake ya kwanza. Ndama anazaliwa bila kinga katika damu. Anaipata kwa kunywa, na tumbo lake huipokea vizuri saa za mwanzo tu.

Maziwa ya kiwele kigonjwa usimpe ndama. Kama huna mengine, yachemshe kwanza, yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo umpe.

Banda liwe kavu, lizuie upepo chini ndama anapolala, na liwe wazi juu ili hewa chafu itoke. Ndama anayekohoa atibiwe mapema, kabla kikohozi hakijapanda sikioni. Kupe waondolewe, na ndani ya masikio pasisahauliwe.

HESABU

Tunatumia mfano wa chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile ya kukaa mwilini muda mrefu. Fanyeni darasani, kisha linganisheni na karatasi ya dawa mliyo nayo. Karatasi hiyo na Bwana Mifugo ndio wa kufuatwa.

1. Kila mililita 1 ya dawa ina miligramu 200. Ndama anahitaji miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Ndama wa kilo 60 apigwe mililita ngapi?

2. Sindano ya kwanza imepigwa Jumatatu saa 2 asubuhi. Ya pili ipigwe baada ya saa 72. Ni siku gani na saa ngapi?

3. Tuseme karatasi inasema nyama isiliwe kwa siku 28 baada ya sindano ya mwisho. Sindano ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Mei. Siku 28 zinatimia tarehe gani?

Majibu: (1) Kilo 60 mara miligramu 20 ni miligramu 1,200. Gawanya kwa 200, unapata mililita 6. (2) Alhamisi saa 2 asubuhi. (3) Tarehe 1 Juni.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mafuta yanayomiminwa sikioni hayafiki kwenye sikio la kati?
2. Kwa nini penisilini haiwezi kuua mikoplasma?
3. Kijijini kwenu maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutumiwaje? Jadilini la kufanya.
4. Ndama amechangamka baada ya sindano moja. Jirani anasema, "Dawa iliyobaki mniuzie." Mtamjibu nini?

MWISHO

Ndugu wasomaji, mwaka uliofuata kikundi chetu kilipata ndama jike mwingine. Zamu ilikuwa bado ni ya mama yule yule. Safari hii alikuwa akija mwenyewe kila asubuhi kumtazama. Katika wiki ya nne aliona sikio la kulia limeshuka kidogo. Sisi hatukuwa tumeliona. Hakusubiri kikao. Alimpigia simu Bwana Mifugo kabla ya saa 3 asubuhi. Dawa ilipoletwa, alichukua karatasi akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Pale aliposhindwa aliuliza. Kisha akaandika siku za sindano kwa mkaa kwenye ubao wa banda, akawa anazikata moja moja mpaka zikaisha.

Ndama yule alipona. Sikio lake halikusimama sawasawa na la pili, limebaki limelala kidogo mpaka leo. Yuko katika lile banda ambalo lilitaka kuwekwa kuni, na ana mimba.

Tusome karatasi za dawa, ndugu zangu. Hiyo nayo ni sababu ya kujifunza kusoma.